Nyumba ya DC na Waliosubiri Nje

Mkoa wa Mashariki ulipokuwa bado mkoa, sisi wa Embu tulikuwa na PC, yaani mkuu wa mkoa, na wenzetu wa Meru walikuwa na makumbusho. Mtu wa Meru aliyekuwa na kesi ya shamba iliyokwama, au mwalimu aliyetafuta uhamisho, alipanda basi akapitia Nkubu, Chogoria na Chuka hadi ofisi za mkoa Embu, akapanga foleni. Sisi nasi tulipotaka wanafunzi wetu waone walivyoishi mababu zao, tulishika barabara hiyo hiyo kuelekea Meru. Enzi ya mikoa ilikwisha mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi, na PC akaondoka nayo. Makumbusho yako pale pale. Nimeliwaza sana jambo hilo, na ndilo linalonisukuma kuandika haya.

Makumbusho ya Meru yamo ndani ya nyumba ya kale ya mawe iliyokuwa ofisi ya DC, yaani mkuu wa wilaya. Kituo cha serikali ya kikoloni kilianzishwa Meru mwaka 1908 na E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi kwa sababu ya kuzungukazunguka kwake. Kwetu Embu Waingereza walikuwa wamefika miaka miwili mapema, mwaka 1906, na walifika na jeshi: vijiji vilichomwa, mifugo ikatekwa, kisha boma likajengwa. Tangu hapo, kote Embu na Meru, maisha ya mtu yalipita mezani kwa DC. Kodi ya nyumba ilikusanywa kwa amri yake. Mapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, vijana waliobeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika na wengi wao wasirudi, walitolewa vijijini na machifu waliomwogopa. Baada ya vita kikaja kipande, kitambulisho ambacho kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kutembea nacho ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Mwaka 1974, miaka 11 baada ya uhuru, nyumba ile ya Meru ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Babu yangu alilipa kodi katika boma la Embu. Habari za Mzungu mwenyewe hakuzisimulia sana, alisimulia kusubiri. Alisema watu waliketi chini ya mti tangu alfajiri, askari kanga wa DC akiwachagua kwa kidole wa kuingia. Aliyechaguliwa alivua kofia, akaacha fimbo nje, akasimama mbali na meza hadi aulizwe. Wengine walisubiri hadi jua likazama, wakaambiwa warudi kesho, na kesho yenyewe ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Kwa hiyo nilipoanza kufundisha historia nilikuwa naijua nyumba ya DC upande mmoja tu, upande wa nje.

Mwaka 2024 makumbusho yalitimiza miaka 50. Sisi walimu wastaafu wachache, wa Embu kwa Meru, tuliamua kuadhimisha kwa namna yetu. Hatukukodi hema wala kualika mgeni rasmi. Tulikata tiketi mlangoni kama watu wengine, tukaja na wanafunzi wa shule mbili, wazee waliokubali kutoka majumbani mwao, sufuria za mukimo na githeri, na chupa za chai. Tulikubaliana jambo moja tu kabla ya siku yenyewe: hakuna hotuba ya shukrani itakayotolewa kabla wazee hawajasema.

Kila aliyewahi kuhudhuria sherehe za kwetu anajua kwa nini tulipatana hivyo. Itifaki hula siku nzima. Mwenyekiti anamkaribisha katibu, katibu anamkaribisha mwakilishi, mwakilishi anasoma salamu za aliyemtuma, wacheza ngoma wanaingia na kutoka, keki inakatwa. Ikifika saa kumi na moja, mawingu yakianza kutanda juu ya Mlima Kenya, mtu anakumbuka kwamba kuna mzee aliyeletwa kutoka mbali aseme neno. Anapewa dakika mbili. Anaanza kusimulia, na mwenye kipaza sauti anamgusa bega. Nimeliona hilo kwenye mahafali, kwenye mazishi na kwenye sherehe za kitaifa, na kila mara nimehisi kwamba tumetupa kile kilichotukusanya.

Siku ile wazee walianza. Tuliwaketisha uani, kivulini, wanafunzi wakaketi majanini mbele yao. Wa kwanza alikuwa mzee kutoka Tigania, mtu mrefu aliyesema polepole. Alisema alipokuwa mtoto alikuja hapa na baba yake, wakiwa na mbuzi wa kuuza ili wapate pesa za kodi. Baba alisimama foleni, yeye akaachwa na mbuzi barabarani.

"Niliitazama nyumba hii nikawaza kwamba ndani yake lazima kuna kitu kikubwa sana," alisema, "kwa sababu baba yangu, ambaye hakuogopa hata chui, alikuwa akiiogopa. Nimekuja kuingia nikiwa nimeshapata wajukuu. Nikazunguka chumba kwa chumba nikikitafuta kitu hicho. Ni kuta tu, wanangu. Ni kuta na madirisha."

Wanafunzi walinyamaza, nasi wakubwa tukanyamaza. Katika miaka yote niliyosimama mbele ya ubao nikieleza utawala wa kikoloni ulivyofanya kazi, sikuwahi kuueleza hivyo. Nguvu ya nyumba ile ilitoka kwa waliolazimishwa kusubiri nje yake. Siku walipoweza kuingia na kutoka wapendavyo, ikabaki kuta na madirisha. Hili ndilo nililojifunza kwanza, na bado naona ndilo kubwa: nyumba ya kihistoria huadhimishwa kwa kuwarudisha waliosubiri nje, wakapewa viti na nafasi ya kusema. Umri wa mawe peke yake hautoshi kufanyiwa sherehe.

Baada yake alisimama mama mmoja mzee kutoka Imenti. Alitutazama kwanza sisi wanaume, halafu akawageukia wasichana waliokuwa wameketi mbele. Akawaambia atasema jambo ambalo watu hawapendi lisemwe kwenye sherehe, na kwamba hatasema kwa kulisifu.

Mwaka 1956, katikati ya hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, lilipiga marufuku tohara ya wasichana, na DC alikuwa nyuma ya uamuzi huo. Hakuna aliyewauliza wanawake. Wasichana wengi wa Meru wakakataa amri ile kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana: walikwenda vichakani makundi kwa makundi, wakakatana wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Kati ya 1956 na 1959 zaidi ya watu 2,400, wasichana kwa wazazi, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri hiyo. Wengi walitozwa faini, na faini ilikuwa mbuzi, ng'ombe au pesa ambazo familia haikuwa nazo.

Mama yule alikuwa mmoja wa wasichana wale. Alisema baba yake aliuza ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa ili amlipie, na wadogo zake wakakaa bila maziwa. Alisema walidhani wanamkataa DC, na kweli walikuwa wanamkataa, lakini kisu kilipita kwenye miili yao wenyewe. Kisha akawaambia wasichana: "Binti zangu sikuwapeleka. Wajukuu zangu hawajui hata habari hii, ila wale mliopo leo. Hamkatazwi na DC siku hizi. Mnakatazwa na sheria ya nchi yenu, na mimi nawakataza kwa kuwa nilikuwepo."

Sheria aliyoitaja ni ya mwaka 2011. Nimewahi kuhudhuria semina nyingi kuhusu jambo hilo, zenye mabango na fulana zilizochapishwa maneno. Sijasikia hoja iliyowaingia wasichana kama ile. Iliwaingia kwa sababu mama yule hakuficha upande wowote: hakumtakasa mkoloni, hakuwatakasa wazee waliotoa amri, wala hakujitakasa yeye. Sherehe nyingi za historia kwetu huogopa ukweli wa namna hiyo. Tunataka waliotutangulia wawe mashujaa kamili na maadui wawe maadui kamili, ili keki ikatwe bila maswali. Watoto wakikua wanagundua kwamba haikuwa hivyo, na wanaacha kutuamini hata pale tunaposema kweli.

Chukua mfano wa Mau Mau. Hakuna sikukuu ya kitaifa inayopita Meru bila Musa Mwariama kutajwa, yule aliyetoka msituni Desemba 1963 na kupigwa picha na Jomo Kenyatta wakati wa uhuru. Inafaa atajwe. Kuna mwingine, Baimungi, aliyekuwa kiongozi mkubwa wa wapiganaji upande huo huo wa Mlima Kenya. Yeye aliuawa mwaka 1965 na vikosi vya serikali ya Kenya huru, kwa sababu hakuridhika na namna ahadi za ardhi zilivyokuwa zikitimizwa. Mmoja wa wazee alimtaja siku ile, na mwanafunzi akauliza: "Aliuawa na Waingereza?" Mzee akajibu: "Hapana. Aliuawa na sisi." Hakuongeza neno. Naamini mwanafunzi yule atalikumbuka jibu hilo baada ya kusahau tarehe zote nilizowahi kumfundisha mtu.

Tulipomaliza kula tuliwaingiza watoto ndani. Watoto ni watoto; waliwahi kwanza kwa wanyama. Baadaye wakatulia mbele ya vitu vya Wameru wa zamani: mavazi ya ngozi, mikuki na ngao, vyombo vya shambani na vya jikoni, maelezo ya kuwapitisha vijana jandoni. Nyuma ya nyumba wakaona mfano wa boma la Kimeru na miti ya dawa. Mama mmoja kati ya wazee wetu alisimama mbele ya kibuyu, akaanza kuwaonyesha wasichana jinsi kinavyosafishwa kwa makaa ya mti fulani ili uji usivunde, jinsi ufa unavyoshonwa, na kwa nini kibuyu cha mgeni hakikuchanganywa na cha watoto. Alizungumza muda mrefu kuliko maandishi yote yaliyokuwa ukutani. Nikatazama kibandiko, nikaona kile tunachokiona katika makumbusho mengi ulimwenguni: jina la kitu na matumizi yake. Aliyekitengeneza hakutajwa.

Kitu kisicho na jina la mwenyewe ni yatima. Kinatunzwa, kinapewa pa kulala, lakini hakiwezi kukuambia kimetoka kwa nani. Mkuki uliotwaliwa katika vita vya 1906 si sawa na mkuki uliouzwa na mtu aliyetafuta karo ya mwanawe, hata kama inafanana kwa chuma na mpini. Ngozi iliyovaliwa na bibi fulani wa Igoji siku ya arusi yake ina habari ambayo ngozi tu haina. Wahifadhi wetu wanafanya kazi kubwa kwa fedha chache, na siwalaumu. Nasema kwamba majina haya yako kwetu, kwa wale wanaokumbuka nani alichonga na nani alishona, na sisi ndio tunaopaswa kuyapeleka.

Jambo la nani anashika kalamu lina historia yake katika nyumba ile ile. Mmoja wa ma-DC wa Meru, katika miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, alikuwa H. E. Lambert. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa kazi nyingine: alikuja kuwa mmoja wa watafiti wakubwa wa lahaja za Pwani, akaandika juu ya Kivumba, Chifundi na Kijomvu, na mkusanyo wa mashairi ukachapishwa kwa jina la Diwani ya Lambert. Akiwa Meru alikaa na wazee wa Njuri Ncheke, akaandika taratibu zao na kuliingiza baraza lao katika utawala wa serikali. Maandishi yake nayasoma kwa heshima, kwa kuwa bila yeye mengi yangepotea. Lakini wazee wale walizungumza na mtu mwenye uwezo wa kuwatoza faini na kuwafunga. Waliyochagua kumwambia na waliyochagua kumficha, yote yameingia kwenye historia yetu kama yalivyopita mkononi mwake. Tungekuwa na daftari moja tu lililoandikwa na mjukuu wa mmoja wao, tungeweza kulinganisha.

Ndipo msichana mmoja wa kidato cha tatu akauliza swali la siku. Alikuwa amezunguka vyumba vyote. "Mwalimu, kama hii ilikuwa ofisi, mafaili yako wapi?"

Nilimjibu ninavyojua. Uhuru ulipokaribia, maafisa wa kikoloni waliamriwa kuchambua karatasi zao. Zile ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza au kuwataja watoa habari wake hazikupaswa kuachiwa serikali mpya. Nyingine zilichomwa moto, nyingine zikasafirishwa. Kwa karibu nusu karne hazikujulikana ziliko. Mwaka 2011, Wakenya walioteswa wakati wa hali ya hatari walipokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza mjini London, serikali hiyo ilikiri kwamba inayo hifadhi ya siri huko Hanslope Park: majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Kati ya walalamikaji alikuwa Jane Muthoni Mara wa Kirinyaga, eneo lililokuwa ndani ya wilaya ya Embu enzi hizo. Alisimama kizimbani akiwa mama mzee, akaeleza aliyotendewa akiwa msichana katika kambi ya Gatithi. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alitamka majuto ya serikali yake bungeni, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228.

Msichana akafikiri kidogo, akasema: "Kwa hiyo karatasi ziliondoka, wazee wakabaki." Sikuwa na la kuongeza. Hao ndio ushahidi ambao mkoloni hakuweza kuuchoma wala kuupakia kwenye ndege, nao walikuwa wameketi nje wakimalizia chai.

Kumbukumbu ya watu wa huku ilihifadhiwa bila nyumba kwa vizazi vingi. Wameru hadi leo wanasimulia Mbwaa, nchi ya kando ya maji walikotoka wakikimbia watu wa nguo nyekundu, na kuna wanahistoria wanaoihusisha na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Embu wanasimulia Mwenendega na kijisitu chake karibu na Runyenjes. Hakuna aliyeziandika habari hizo wakati zikitukia. Zilipita kwa mdomo kwa sababu kulikuwa na mahali pa kuketi pamoja: vijana kwenye gaaru (nyumba yao ya pamoja), wasichana jikoni kwa bibi, wazee barazani. Kila riika, yaani rika, lilikuwa na jina, na jina la riika lilikuwa kalenda.

Siku hizi mtoto anasoma bweni, mzazi yuko Nairobi au Doha, bibi yuko peke yake kijijini na simu aliyonunuliwa. Kiti kimebaki, wa kukikalia hawapo. Hapo ndipo nilipoona kazi ya makumbusho madogo kama yale ya Meru. Kuhifadhi vitu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwapa watu wa rika tofauti sababu ya kuketi pamoja, angalau siku moja. Kibuyu kilikuwa sababu. Nyumba ya DC ilikuwa sababu. Mambo yaliyosemwa uani siku ile yasingesemwa sebuleni, mbele ya televisheni.

Jioni tulirudi Embu kwa matatu tuliyokodi. Kati ya Chogoria na Runyenjes barabara inapita Chuka, na pale nikawaambia vijana wetu habari ambayo hakuna kibao kinachowaambia wasafiri wa barabara ile. Juni 1953, askari wa King's African Rifles chini ya maafisa wa Kiingereza waliua watu wapatao 20 katika vijiji vya karibu na Chuka. Wengine kati ya waliouawa walikuwa walinzi wa kijiji, watu waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni yenyewe. Afisa mmoja wa kikosi, Kapteni Gerald Griffiths, alishtakiwa kwa mauaji mengine ya eneo lile, akaachiliwa. Mwaka 1954 akashtakiwa tena kwa ukatili na kufungwa. Kwa mauaji ya wale wa Juni hakuna aliyehukumiwa. Vijana waliangalia nje ya dirisha, kwenye migomba na majani chai, wakaniuliza ni vijiji gani. Swali hilo halipaswi kumsubiri mwalimu mstaafu aliyeketi karibu na dereva.

Na kwetu Embu? Tuna boma la mwaka 1906. Tulikuwa makao makuu ya mkoa mzima. Tuna Jenerali Kubukubu wa Mau Mau, ambaye jina lake limepewa shule na barabara mjini, ingawa wengi wanaopita hapo hawajui alikuwa nani. Tarehe 1 Juni 2023 taifa lilikuja kwetu kuadhimisha Madaraka Day ya 60. Uwanja ukakarabatiwa, barabara zikapakwa rangi, ndege za kijeshi zikapita juu. Wageni walipoondoka, mtoto wa Embu aliyetaka kujua madaraka yalipatikanaje bado ilimbidi apande matatu kwenda Meru. Miaka mitano kabla, tarehe 1 Juni 2018, sherehe hiyo hiyo ilifanyika Kinoru, Meru. Wenzetu angalau walikuwa na nyumba ya kumwonyesha mtoto baada ya gwaride.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo serikali ya kaunti ya Embu haihitaji kusubiri Nairobi ili kutenga nyumba moja ya kale mjini, kuajiri mhifadhi, na kuwaita wazee wa Mbeere, Manyatta na Runyenjes waje kuzungumza mbele ya kinasa sauti. Serikali ya kaunti ya Meru nayo, pamoja na Makumbusho ya Taifa, inaweza kuyapa yale ya Meru kile yanachokikosa zaidi: vibandiko vyenye majina ya watu, kwa Kiswahili na Kimeru, na chumba ambamo sauti za wazee zinaweza kusikilizwa. Gharama yake ni ndogo kuliko hema za sikukuu moja.

Nawe msomaji, usingoje kaunti. Kama una mzazi, bibi au jirani aliyezaliwa kabla ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, huyo sasa amepita miaka sabini, na wengi wa rika lake wameshaondoka. Nenda kwake mwezi huu. Usimwulize "historia", mwulize nani alijenga nyumba aliyozaliwa, nani alichonga kiti, nani alichukuliwa na hakurudi, nani alilipa faini na kwa ng'ombe gani. Andika majina kamili, mahali na mwaka. Fanya nakala mbili, moja ubaki nayo, nyingine uipeleke kwenye makumbusho au maktaba iliyo karibu nawe, nao waikatae kama watathubutu.